Pampu ya dizeli iliyonisumbua Mwanza

Injini ya mashua ilikata moto tukitoka Ukerewe, vilima vya mawe vya Mwanza vikiwa vinaonekana kabisa. Tukapandisha tanga hadi mwalo wa Kirumba.

Kila mtu alilaumu chujio la dizeli. Nikalibadilisha, nikatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, injini ikawaka dakika kumi, ikazima. Nikalegeza bomba linalotoka kwenye pampu inayovuta dizeli kutoka tangini, nikapiga kile kiwiko chake cha kupampu kwa mkono: dizeli ikachuruzika kidogokidogo badala ya kuruka. (Kiwiko kikilegea kabisa usiilaumu pampu bado, zungusha injini mzunguko mmoja, huenda kamu, kile kinundu cha injini kinachoisukuma pampu, ndiyo imekishika.) Nilizungusha, hali ile ile.

Jibu lilikuwa kwenye kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi, inanuka dizeli. Diaframu, ule utando ndani ya pampu, imepasuka, dizeli inashukia kwenye oili.

"Mjomba, hiyo usiiwashe tena," kijana wa pale mwaloni akaniambia. Kweli, oili ya hivyo inakula beringi.

Bolti mbili tu. Nikafunga pampu mpya na gasketi yake, nikamwaga oili yote, nikabadili na chujio lake, nikatoa upepo. Ikawaka. Ile ya zamani ninayo bado. Mpasuko wenyewe hauzidi ukucha wa kidole cha mwisho.