Siku moja nyuma ya sokwe, Gombe

Saa kumi na nusu alfajiri: uji, muhogo wa kuchemsha, tochi, daftari. Ni lazima tufike chini ya viota kabla sokwe hawajaamka. Wakikutangulia, siku imekufa.

Hadi saa nne ni kuandika tu: nani yuko na nani, anakula nini, wako wapi.

Saa nne wageni wakapanda. Mmoja, kijana wa Dar mwenye raba nyeupe, akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, unalipwa kuzurura na nyani?"

Kwanza, hawa si nyani. Nyani wako ufukweni, wanaiba sabuni. Pili, hakuna anayezurura. Sikupata nafasi ya kumjibu, maana sokwe mmoja, mama mzee, aliinuka bondeni akashika mlima. Sisi nyuma yake, tunatambaa chini ya mitambaazi, miiba inatuchana, raba nyeupe si nyeupe tena. Mzee yule hakusimama kunusa wala hakubahatisha njia. Tulipovuka mgongo wa kilima tukamkuta chini ya mbula, matunda yameiva. Kutoka kule bondeni mti ule hauonekani kabisa.

"Nani kamwonyesha?"

Nikamweleza huku nahema. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971 mtafiti wa ubongo John O'Keefe na mwenzake, huko London, waligundua kwamba baadhi ya seli zake kwa panya huchachamaa panya anapofika mahali fulani. Akihama, huamka nyingine. Baadaye mtafiti mwingine, Richard Morris, aliwaogelesha panya kwenye maji meupe, kibao cha kusimama kimefichwa chini yake. Panya mzima hujifunza upesi kilipo. Aliyeharibiwa hipokampasi huhangaika, ila kibao kikionekana anakiendea vizuri tu. Macho na miguu havina shida. Kilichopotea ni kumbukumbu ya mahali. Sokwe hatuwapasui vichwa. Tunaandika miguu yao ilikopita, ndiyo maana ya daftari hili.

"Kumbe ana GPS!"

"GPS ninayo mimi," nikamwambia, "na betri imeisha."

Wageni walishuka kula. Mimi niliendelea: jua, goti, kijito, tena mlima. Saa sikuangalia tena. Alipoanza kukunja matawi ya kiota nilikaribia kumshukuru kwa sauti.

Kambini nikamwelekeza mwenzangu wa zamu ya kesho: fuata kijito, jiwe kubwa, kata kulia, mti ulioinama. Amezaliwa hapahapa Kigoma, misitu hii ameizoea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kalamu nimchoree ramani.