Zakayo Juu ya Mkuyu: Tafakari Kuhusu Utaratibu wa Viumbe

Tumsifu Yesu Kristo.

Somo letu la juma hili ni Injili ya Luka 19:1–10, nami naomba radhi mapema kwamba nitachelewa kumfikia Zakayo mwenyewe, kwa kuwa nataka kwanza tuutazame mti alioupanda. Luka angeweza kuandika tu kwamba mtu yule mfupi alikwea mti, nasi tungemwelewa; lakini ameutaja kwa jina, mkuyu, na wale tuliokulia karibu na mito tunaufahamu kwa shina lake lenye rangi ya manjano, kwa matawi yake yanayoanzia chini kiasi cha mtoto kuyadandia, na kwa makuyu yake yanayogombaniwa na ndege, nyani na popo. Majuma mawili yaliyopita kijana mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, aliniuliza kama bado inafaa kumwambia mtu kwamba viumbe vinamshuhudia Mungu, au kama hoja hiyo imekwisha kuvunjwa na sayansi. Siku ile sikumjibu vizuri, na tafakari hii ni jaribio langu la pili.

Tuanze na kuyu lenyewe. Ukilipasua utaona kwamba ni kifuko kilichofumbwa, na kwamba maua ya mti huu, mamia kwa mamia, yamo ndani yake gizani, mahali ambapo upepo hauyafikii wala nyuki hawezi kuingia. Anayeyachavusha ni nyigu mdogo wa milimita chache tu, ambaye wataalamu humwita Ceratosolen arabicus. Jike huvutwa na harufu ya kuyu lililo tayari kumpokea, akajipenyeza katika kitundu kilicho nchani mwake, na njia hiyo ni nyembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika, wala hatatoka tena. Humo ndani hutaga mayai katika baadhi ya maua, na papo hapo huyapaka maua chavua aliyoibeba katika vijifuko vilivyo kifuani mwake, kisha akafa. Ua lililopata yai humlea mtoto wa nyigu, na ua lililopata chavua bila yai hutoa mbegu. Wanapokomaa, madume, ambao hawana mabawa, huwapandisha majike wakiwa bado ndani ya vijumba vyao, wakatoboa kwa meno njia ya kutokea nje, nao hufa bila kuruka hata mara moja. Majike hukusanya chavua kwa miguu, huijaza katika vijifuko vyao, na kutoka kwa njia waliyochimbiwa, wakiwa na siku moja au mbili tu za kuutafuta mkuyu mwingine. Bila nyigu mti hauna mbegu, na bila mti nyigu hana kizazi.

Maandiko nayo yana habari za mdudu huyu, ingawa hayamtaji. Mkuyu ulifika Misri na Palestina tangu zamani sana, lakini nyigu anayeuchavusha huku kwetu hayupo kule, kwa hiyo watu waliupanda kwa vipandikizi na kuyahudumia makuyu yake kwa mkono. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kwamba huko Misri kuyu lisilokwaruzwa kwa chuma haliivi, na kwamba lililokwaruzwa huiva siku ya nne. Nabii Amosi anapomjibu kuhani Amazia kwamba yeye ni mchungaji na mtu wa kazi ya mikuyu (Amosi 7:14), wafasiri wengi huelewa kwamba kazi hiyo ilikuwa ni kuyachanja makuyu moja baada ya jingine, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia kitenzi cha kukwaruza. Hunifurahisha kuwaza kwamba nabii huyo mkali, kabla ya kuitwa, alikuwa kibarua aliyeziba pengo la nyigu.

Mtu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza hupata wazo lililo la kale kuliko sisi sote. Kitabu cha Hekima (13:1–9) kinawashangaa watu waliotazama kazi nzuri wasimtambue Fundi wake, na Mtume Paulo anasema katika Warumi 1:20 kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake. Mwaka 1802 padre wa Kianglikana wa Uingereza, William Paley, aliliweka wazo hilo katika mfano ambao haujasahaulika. Mtu akijikwaa kwenye jiwe nyikani, alisema, anaweza kudhani kwamba jiwe hilo limekuwapo hapo siku zote. Lakini akiikuta saa, akaona jinsi magurudumu yake yalivyopangwa ili mishale izunguke kwa kipimo, atakiri kwamba yupo aliyeitengeneza. Jicho la binadamu, kwa hoja hiyo, ni saa. Kuyu nalo ni saa, na pengine ya ajabu zaidi.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilifundisha hivyo, nikiishia hapo. Lakini ndugu zangu, hoja ikiishia hapo haitoshi, na waliopinga walijua kwa nini. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, alitoa mfano wa merikebu: ukiiona utamsifu sana seremala aliyeiunda, kumbe seremala huyo ni mwigaji tu wa ufundi uliosahihishwa polepole kwa karne nyingi na watu wengi, kwa kujaribu na kukosea. Yeyote aliyewahi kuwatazama mafundi wa majahazi wakiunda chombo bila mchoro anajua kwamba Hume hakusema upuuzi, kwa kuwa ustadi ulio mikononi mwao waliurithi kwa wazee wao, na wazee wao kwa waliowatangulia. Kwa nini basi, aliuliza, saa moja ituonyeshe fundi mmoja, tena asiye na upungufu?

Kisha akaja Charles Darwin, ambaye alimsoma Paley akiwa mwanafunzi huko Cambridge. Kazi yake ya mwaka 1859 ilionyesha kwamba ustadi unaweza kujengeka polepole ndani ya viumbe wenyewe: walio na tofauti ndogo inayowafaa huzaa zaidi, na kwa vizazi visivyohesabika tofauti hizo hujumlishwa. Habari za kuyu hazipingani na jambo hilo. Visukuku vya nyigu wa jamii hii vilivyopatikana katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, vina umri wa takriban miaka milioni 34, navyo tayari vina vijifuko vya chavua. Basi muda wa kujumlisha ulikuwapo. Tena kuna jambo ambalo katekista hapendi kulisimulia. Katika makuyu hayahaya ya Afrika Mashariki huingia nyigu mwingine, ndugu wa karibu wa yule wa kwanza, aitwaye Ceratosolen galili. Naye huingia kwa kitundu kilekile na kutaga mayai vilevile, lakini hachavushi: watoto wake hula chakula cha mti, na mti haupati kitu. Ukisema kwamba nyigu mtumishi ni saa iliyotengenezwa makusudi ili tuvutiwe na wema wa Mtengenezaji, inakubidi useme neno pia juu ya nyigu mwizi.

Darwin mwenyewe alikwama mahali kama hapo. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa kusudi wale nyigu ambao watoto wao hula viwavi kutoka ndani wakiwa hai. Mara nyingi sisi waumini huyakimbia maneno hayo, na sidhani kwamba tuna haki ya kuyakimbia, maana Biblia haiyakimbii. Zaburi ya 104 inasema kwamba wana-simba wanaponguruma wanatafuta chakula chao kwa Mungu, bila kuficha chakula hicho ni nini. Katika sura ya 39 ya kitabu cha Ayubu, Mungu anamwonyesha Ayubu mbuni anayeacha mayai yake mchangani yakanyagwe, na anasema waziwazi kwamba mbuni amenyimwa akili. Naye Paulo anaandika kwamba viumbe vyote vinaugua na vina utungu hata sasa (Warumi 8:22). Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyeuona ulimwengu kama duka la saa.

Hapa ndipo ninapomgeukia Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, miaka mia tano na zaidi kabla ya Paley. Njia yake ya tano ya kumthibitisha Mungu mara nyingi huchanganywa na ile ya saa, nami nilizichanganya. Thomas hatafuti kifaa chenye sehemu nyingi ambacho hakuna awezaye kueleza kimetokeaje. Anaanza na jambo la kawaida kabisa: vitu visivyo na akili hutenda kwa utaratibu, daima au karibu daima kwa namna ileile, vikielekea mwisho fulani. Kitu kisichojua kinakokwenda, anasema, hakiendi huko ila kwa kuelekezwa na mwenye kujua, kama mshale unavyoelekezwa na mpiga upinde. Katika maelezo yake juu ya Aristotle ameongeza mfano ambao ningependa kila mmoja wetu aubebe kwenda nao nyumbani: maumbile ni ufundi wa Mungu uliotiwa ndani ya vitu vyenyewe, kana kwamba mwunda merikebu angeweza kuzipa mbao uwezo wa kujisogeza zenyewe hadi ziwe merikebu.

Linganisheni mafundi hao wawili. Fundi wa Paley hushika vipande kutoka nje na kuviunganisha, kwa hiyo kila mara sayansi inapogundua namna vipande vilivyojiunga, yeye hupoteza kazi, na muumini aliyemtegemea hubaki akiomba kwamba wanasayansi wasigundue zaidi. Fundi wa Thomas amezipa mbao uwezo wao. Mtu akimwonyesha hatua kwa hatua jinsi ubao ulivyosogea, kwa miaka milioni 34 au kwa siku sita, hajamnyang'anya kitu. Amesimulia tu kazi yake. Hata Darwin, katika barua ileile kwa Gray, alisema kwamba hakuridhika kuuona ulimwengu huu kama matokeo ya nguvu zisizo na akili, na kwamba alielekea kufikiri kuwa sheria zake zimekusudiwa, ilhali mambo madogomadogo, mema au mabaya, yameachiwa bahati. Aliongeza kwamba suala lote ni zito mno kwa akili ya binadamu, na kwamba ni sawa na mbwa kubahatisha mawazo ya mwanasayansi Newton. Sisemi kwamba Darwin alikuwa wa kwetu. Ninasema tu kwamba swali la Thomas, kwa nini pawepo sheria ambazo viumbe huzitii bila kuzijua, lilibaki limesimama baada ya saa ya Paley kuvunjika.

Swali hilo linasikika hata leo kwa wataalamu wa fizikia. Mwaka 1953 Fred Hoyle, ambaye hakuwa mtu wa dini, alikokotoa kwamba nyota zisingeweza kutengeneza kaboni ya kutosha, ambayo uhai wetu unaihitaji, ila tu kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani mahususi cha nishati. William Fowler na wenzake huko California walipima, wakakikuta. Wengine wameanza kuutumia ugunduzi wa namna hiyo kama saa mpya ya Paley, nami nawasihi tusifanye haraka.

Kuna mpaka mwingine pia. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, mwaka 1781, aliiheshimu hoja ya utaratibu kuliko nyingine zote, lakini akaonya kwamba peke yake inatufikisha kwa msanifu wa ulimwengu tu, haitufikishi kwa Muumba aliyeleta kila kitu kutoka pasipo kitu. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili kutokana na viumbe. Na mwaka huohuo Mtakatifu John Henry Newman aliandika katika barua kwamba yeye anaamini kusudi katika viumbe kwa sababu anamwamini Mungu, wala hamwamini Mungu kwa sababu ameona kusudi. Kijana wangu angeuliza ni nani kati yao aliye sahihi. Ningemwambia kwamba Mtaguso unasema juu ya kile ambacho akili inaweza kukifikia, na Newman anasema juu ya njia ambayo yeye mwenyewe aliipitia. Mimi pia sikuanza kusali kwa sababu ya kuyu. Nilijua kusali kwanza, kwa mama yangu, na miaka mingi baadaye nilipolipasua kuyu nilitambua mwandiko niliokwisha kuufahamu.

Turudi Yeriko, mjini kwa Zakayo. Luka anasema kwamba Zakayo alitaka kumwona Yesu ni mtu wa namna gani, asiweze kwa sababu ya umati. Mti alioupanda haukuwa na nyigu wake, na kama ulikuwa na matunda, hayakuwa na mbegu. Alipanda hivyohivyo, mtu mwenye mali na cheo, mbele ya macho ya watu. Sitaki kuulazimisha mkuyu ubebe mafumbo yasiyokuwamo ndani yake, lakini naona kwamba Bwana hakumkemea kwa kupanda, wala hakumwacha huko juu. Alitazama juu, akamwita kwa jina, akasema: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Akafanya haraka, akashuka. Yanayofuata ni habari za nyumba, chakula, maskini waliopewa nusu ya mali, na waliodhulumiwa waliorudishiwa mara nne. Mkuyu Luka hautaji tena.