Simba mwenye kijiti puani

Hii ilikuwa Februari 2020, kama mwezi hivi kabla corona haijaingia nchini, na Moshi ilikuwa na lile joto la kulala madirisha wazi. Nilikuwa ndo nimeanza keki za oda, oda zenyewe za kubahatisha, wiki hii moja wiki tatu hamna kitu, na vifaa vyangu karibu vyote niliokoteza kwenye mitumba Kiboriloni.

Hata bati la kuokea keki, lile la umbo la sura, nililitoa hukohuko. Jamaa alikuwa analitumia kuwekea chenji, nikamuuliza hili la nini kaka, akasema la matunda hilo dada, elfu tano, nikampa tatu. Kuligeuza nyuma limegongwa Wilton, nikajua leo nimeokota dodo chini ya mnazi. Hawa ni Wamarekani, wako kwenye mambo ya keki tangu 1929 kule Chicago, na mabati yao yakiwa mapya yanakuja na karatasi ya picha inayokuonyesha rangi gani ikae wapi. Karatasi ya langu ilishabaki hukohuko ng'ambo. Sura ilikuwa ya dubu, masikio ya duara na pua imechomoza, ila huku mtaani Pasua nani anamjua dubu?

Basi Mama Kevin akapiga. "Mdogo wangu, Kevin anatimiza minne Jumamosi anataka simba, unaweza?" Nikamjibu simba ninaye. Mdomo huu!

Ijumaa usiku nikaanza. Nilipima bati kwa maji kwanza, vikombe sita, maana ukijaza hovyo unga unamwagikia kwenye oveni, mchanganyiko uishie nusu au kuzidi kidogo. Robo ya Blue Band, robo ya sukari, mayai matano, ngano robo na kidogo. Nikapaka mafuta ya mgando kila kona nikanyunyizia ngano, ila pale puani kuna kashimo kidole hakifiki vizuri, nikasema itajitoa tu. (Haikujitoa.)

Dakika ya ishirini umeme ukakatika.

Nilikaa chini jikoni nikataka kulia, kweli. Mama akatoka chumbani na tochi ya simu, akauliza mwanangu unalilia keki au unalilia hela, akaenda kuwasha mkaa. Shida ya bati la sura ni kwamba chini halijanyooka, ukiliweka kwenye sufuria linalala upande, yeye akamwaga mchanga kwenye sufuria lake kubwa la pilau, akalizamisha bati kidogo likatulia kama yai kwenye kiota, mfuniko juu, makaa machache juu ya mfuniko. Bibi alioka hivyo maisha yake yote, alisema, na hakuwahi kusikia habari za oveni. Ila masikio ni membamba yaliiva mapema yakaanza kuwa meusi, katikati ndo bado uji, ikabidi atoe makaa ya juu tusubiri moto wa chini umalizie. Saa saba usiku kijiti kikatoka kikavu.

Nikaacha ipoe dakika kumi, nikapindua. Sura nzuri kabisa, masikio yote, macho, ila katikati shimo. Pua imebaki kwenye bati.

Sasa keki ya bati inavimba upande wa wazi, lazima ukate kile kimlima ili isiyumbe kwenye ubao. Hicho kimlima ndo kiliniokoa, nikachonga pua kwa kisu cha kumenyea viazi, nikaibandika kwa aisingi, ikaanguka, nikabandika tena ikaanguka, mwisho nikaichoma kijiti cha meno nikagandamiza ikakaa.

Alfajiri nikapamba. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na paipingi begi, ule mfuko wa kukamulia aisingi, sikuwa nayo, nikaosha paketi ya maziwa, nikakata kona nikachomeka nozo ya nyota, kile kincha kinachotoa aisingi kwa umbo la nyota, ndo pekee niliyokuwa nayo. Ukiwa na nozo ya nyota unajaza sura yote kwa vinyota kimoja kimoja vikibanana, nilihesabu hadi mia mbili nikaacha, vidole vimekufa ganzi na joto la mkono linayeyusha aisingi, kila baada ya mistari miwili paketi inaingia kwenye ndoo ya maji ya baridi. Uso njano, pua kakao, halafu manyoya nikayavuta marefu kuzunguka kichwa mpaka kwenye ubao. Yale manyoya ndo yalimfanya dubu akawa simba, maana bila manyoya mama alikuwa ameshasema huyu ni nyani.

Nikapanda bajaji na boksi mapajani mpaka Rau, nikikanyaga breki kuliko dereva mwenyewe. Mama Kevin akapiga vigelegele, akanilipa hapohapo, nikaondoka naringa.

Tumefika Mbuyuni ndo nakumbuka kijiti. Kiko ndani ya pua. Kaka geuza, geuza nitakulipa! Napiga simu haipokelewi, muziki huko.

Nimeingia mbio bila hata hodi, watoto wamejaa uani, keki iko mezani nzima haijakatwa, simba ana shimo usoni. Kevin amekaa pembeni kwenye ndoo iliyofunikwa, ameishika pua kwa kijiti chake kama pipi, anailamba taratibu, wenzake wamepanga foleni wanauliza za kwao ziko wapi.