Kumbukumbu ya mradi: kuziba kifuniko kinachovuja cha jiko la mkaa la kauri

Hali kabla ya kazi

Jiko ni la kauri, aina ya kamado (lenye umbo la yai na kifuniko kizito), na wavu wake una kipenyo cha sentimita 46. Dalili ni mbili. Kwanza, halikubali kutulia kwenye nyuzi 110 za Selsiasi: hata dirisha la chini la kuingizia hewa likiachwa wazi milimita 5 tu na tundu la juu la kutolea likikaribia kufungwa kabisa, kipimajoto kinapanda hadi 150. Dalili ya pili ni nzito zaidi. Hewa ikifungwa juu na chini baada ya kupika, moto hauzimiki, na kesho yake ndani hakuna mkaa, ni majivu matupu. Jiko lililozibika vizuri huua moto kwa kuunyima hewa, na mkaa uliobaki unawashwa tena. Moto usipokufa, kuna mahali hewa inapenya.

Gasketi ya zamani, yaani ukanda wa kuziba kati ya kifuniko na chungu cha chini, ni ya sufu. Upande wa mpini imeungua, ni nyeusi na inamomonyoka kwa kucha. Upande wa bawaba bado ni laini, ila imelala bapa kwa kubanwa. Tofauti hiyo inaeleza karibu kila kitu. Wengi wakiona gasketi imeungua hubandika mpya bila kugusa kifuniko, na baada ya muda pale pale panaungua tena. Kwa kawaida kifuniko ndicho kinachokaa vibaya kwanza. Hewa ya moto inapata mwanya, kisha mwanya huo unaiunguza gasketi. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kifuniko.

Kupima

Ukingo wa chungu cha chini uligawanywa sehemu 12 kwa chaki, namba 1 ikiwa nyuma kwenye bawaba na namba 7 mbele kwenye mpini. Kila alama iliwekewa kipande cha karatasi cha upana wa sentimita 2, kifuniko kikafungwa, kisha karatasi zikavutwa moja moja taratibu. Inayotoka bila kushikwa inaonyesha mwanya. Kujua unene wa mwanya, ongeza karatasi hadi zishikwe: karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo karatasi 20 ni kama milimita 2.

Matokeo: kuanzia 11 kupitia 1 hadi 3 karatasi inabanwa mpaka inachanika. Kwenye 4 na 10 inashikwa kidogo. Kwenye 6, 7 na 8 zinapita karatasi 25, yaani mwanya wa milimita 2.5.

Tochi iliyowashwa ndani ya jiko gizani ilithibitisha hayo, ikafichua na jambo jingine: mwanga ulitoka pia pembeni mwa fremu ya dirisha la chini. Uvujaji wa hapo ni mbaya kuliko wa kifuniko, kwa sababu hewa inayoingia chini ya mkaa inapita katikati ya moto wote kabla ya kutoka.

Tahadhari kuhusu jaribio la moshi, ambalo hupendwa na wengi. Tundu la juu likiwa wazi, hewa ya moto inapaa na kuvuta nyingine kutoka chini, hivyo mwanya wa kifuniko unaweza kuwa unanyonya hewa ya nje bila kutoa hata uzi wa moshi. Ukitaka moshi ukuonyeshe, washa mkaa kidogo, weka kipande cha mti mkavu, acha dirisha la chini wazi na funika tundu la juu kwa muda mfupi. Hapo moshi unakosa njia na kutafuta mianya. Fanyia nje, kwa sababu mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Baadaye usifungue kifuniko kwa mkupuo: kiinue sentimita 3 au 4, subiri kidogo, kisha fungua, la sivyo hewa inayoingia ghafla inaweza kulipua mwali usoni.

Kuondoa gasketi ya zamani

Kisu kipana cha kukwangulia putti kililazwa karibu sambamba na kauri, kikasukumwa polepole. Gundi iliyobaki ilifutwa kwa kitambaa chenye asetoni kidogo. Asetoni isimwagwe moja kwa moja kwenye ukingo, maana kauri isiyo na rangi ya kung'aa inainywa, kisha mvuke wake unasumbua gundi mpya na unaweza kushika moto. Ukingo ulipigwa msasa namba 80 kwa mkono, ukafutwa vumbi na kuachwa wazi hadi harufu ikaisha kabisa. Brashi ya waya ya mashine haifai, inachubua kingo.

Kulaza kifuniko

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkanda wa chuma wa juu unashika kifuniko, wa chini unashika chungu, na bawaba inaiunganisha. Chuma hutanuka na kusinyaa kwa joto, nati zinalegea, na kifuniko kinateleza kidogo ndani ya mkanda. Bawaba inabaki pale pale, kauri ndiyo imehama. Nyuma inagusa mapema, mbele inabaki juu.

Kabla ya spana kugusa nati, yasisitizwe mawili. Kifuniko kiwe kimefungwa muda wote ambao mkanda umelegea. Kukifungua ni kukiangusha. Pia usikitoe kifuniko kwenye mkanda wake kwa kazi hii. Springi za bawaba zimevutwa, na bila uzito wa kauri bawaba inaweza kuruka juu kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Vipande vya kadibodi vyenye unene wa milimita 4 viliwekwa kwenye namba 1, 4, 7 na 10, kushika nafasi ya gasketi ikiwa imebanwa. Ukikilaza kifuniko kauri kwa kauri kisha ukaongeza gasketi, nyuma itagusa kwanza tena na mwanya wa mbele utarudi. Wengi hukwama hapo na kudhani wamenunua gasketi mbaya.

Nati za mkanda wa juu zililegezwa kwa spana namba 13, zamu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, hadi kifuniko kikashuka chenyewe na kukalia kadibodi zote nne. Kilikuwa pia kimesogea kulia milimita 3, kikasukumwa kwa viganja hadi kingo za nje zikalingana. Kisha nati zilikazwa kwa zamu hizo hizo. Kukaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine kunakizungusha kifuniko na kuharibu mpangilio wote. Mkanda wa chini nao ulikaguliwa: ukiwa umelegea, unakazwa kabla ya wa juu.

Gasketi mpya

Ilichaguliwa ya nyuzi za kioo yenye gundi nyuma, upana milimita 22, unene milimita 3. Inastahimili joto kuliko sufu. Kipenyo kikipimwa katikati ya unene wa ukingo ni sentimita 48, hivyo mzingo ni karibu sentimita 151. Pete mbili, ya juu na ya chini, zinahitaji sentimita 302, mita 3.5 zinatosha na akiba.

Ubandikaji ulianza nyuma, namba 1, kwa kuchubua karatasi ya gundi sentimita 15 kwa wakati mmoja. Kosa kubwa hapa ni kuvuta. Gasketi iliyovutwa inarudi ikipata joto na kuacha pengo kwenye kiungo. Ilazwe ikiwa imelegea, hata kuisukuma kidogo kuelekea ilikotoka. Isining'inie upande wa ndani, kwenye njia ya moto. Mwisho wake ulikatwa kwa wembe ukiwa umezidi milimita 5, ukashindiliwa ncha kwa ncha bila kupandana.

Kifuniko kikafungwa kwa saa 24 ili gundi ishike. Baada ya hapo mkanda wa juu ulilegezwa tena kidogo, kifuniko kikajilaza juu ya gasketi halisi, ukakazwa upya.

Wakati huo huo fremu ya dirisha la chini ilifunguliwa na kuwekewa mstari wa silikoni ya joto kali, unene wa milimita 4, aina isiyo na harufu ya siki. Ile ya siki inatoa asidi inayokula chuma.

Vipimo baada ya kazi

Karatasi moja inashikwa kwenye alama zote 12. Namba 8 inashika kidogo kuliko nyingine. Iliachwa hivyo, kwa kuwa ukingo wa kauri ukitoka tanuruni hauwi bapa kabisa, na gasketi inameza tofauti ndogo kama hiyo.

Moto wa kwanza ulikuwa mdogo, nyuzi 120 kwa saa mbili, ili gundi isipikwe ghafla. Dirisha la chini wazi milimita 5, tundu la juu wazi robo, na joto likatulia. Moto wa pili ulifika 150, kisha hewa ikafungwa juu na chini. Kinachoangaliwa hapo ni iwapo sindano ya kipimajoto inaendelea kushuka. Kasi haina uzito, kwa kuwa kauri nene inatunza joto hata moto ukiwa umekufa. Ilishuka bila kusimama, na mkaa ulibaki.

Yaliyobaki

Nati zote zitakazwa tena jiko likiwa baridi, kwa sababu gasketi mpya inaendelea kulala baada ya kupata joto mara chache. Kipimo cha karatasi kitarudiwa kwenye namba 6, 7 na 8. Mwanya ukizidi karatasi 5, mkanda wa juu utalegezwa na kifuniko kulazwa tena, gasketi ikiachwa kama ilivyo. Joto la zaidi ya nyuzi 300 linasubiri hadi vipimo hivyo vikamilike.