Angalia namba kwanza
Olimpiki ya Athens 2004, kulenga shabaha kwa bunduki mita 50, mikao mitatu (kupiga magoti, kulala na kusimama). Matthew Emmons wa Marekani anaongoza, imebaki risasi moja. Yuko kwenye njia namba 2, anapiga shabaha ya njia namba 3. Sifuri, anaporomoka hadi wa nane! Beijing 2008 anaongoza tena, kidole kinagusa triga (kifyatulio) mapema: pointi 4.4, anamaliza wa nne. London 2012 alirudi akachukua shaba, na hilo ndilo la kuheshimu zaidi.

Wapiga shabaha, kila risasi soma namba juu ya shabaha ndipo ushuke kwenye duara jeusi. Duara la katikati, la pointi kumi, lina upana wa milimita 10.4 tu, na triga ni nyepesi mno: kidole kisiiguse kabla mtutu haujatulia. Ukiyumba, shusha bunduki, pumua, anza upya.