Miaka minne ya kumkimbia sahibu yangu

Mimi na sahibu yangu tulianza muziki pamoja tukiwa skuli, kidato cha pili, kwa gitaa moja bovu tulilokuwa tukipokezana barazani kwao, Kikwajuni. Tulikuwa tumekwishajua kwamba Freddie Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na kwamba mwaka 1964 aliondoka na wazazi wake kwenda Uingereza. Kwetu sisi huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba mwanamuziki wa roki anaweza kutoka katika vichochoro hivi hivi tunavyopita kila siku. Wazee walitaka tujifunze kupiga udi, ala ya nyuzi ya taarabu. Sisi tulitaka gitaa la umeme na jukwaa.

Leo yeye anaishi kwa muziki wake na amekwishapiga katika nchi nyingi za nje. Mimi sikufika. Baada ya kuhangaika miaka sita, bendi moja ya mjini ilinichukua kwa majaribio, na usiku wa tatu kiongozi wao aliniambia kwa upole kuwa natangulia mdundo kila ninapoona watu mbele yangu. Alisema kweli. Nilikuwa nikijisikia mwenyewe ninavyokosea, na kadiri nilivyosikia ndivyo mikono ilivyozidi kutetemeka.

Kukosa kwenyewe nilikustahimili; kilichonishinda ni kumwona yeye akipata. Simu zake sikuzipokea. Kila Februari, lilipokaribia tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 2004, nilijizulia safari ya Makunduchi kwa bibi yangu. Nyumbani nilisema nimechoka na muziki, na mama akanijibu, "Mwanangu, hiyo ni husuda, na husuda haitibiwi kwa kujificha." Nilikasirika siku mbili nzima, kwa sababu alilitaja neno nililokuwa nikilikwepa.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu, mzee mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu na akataka nimsaidie kukaza nyuzi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na aghalabu kila sauti moja ina nyuzi tatu, ambazo zote zinatakiwa zilie kama uzi mmoja; zikipishana kidogo tu, sauti hutetema na kumkera msikilizaji hata asijue kinachomkera. Nilikaa mkekani na ule ufunguo mdogo tangu baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Nilipomaliza, mzee alivaa pete zake za kupigia, akapitisha kidole kutoka nyuzi nene hadi nyembamba, akanyamaza, kisha akasema, "Sikio unalo, baba. Nani aliyekwambia huna kitu?"

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi wa ala. Kazi haikosekani, maana hewa ya bahari hushikisha nyuzi za chuma kutu upesi, hasa kwa wapigaji wasiozifuta kwa kitambaa kikavu kila wamalizapo, na unyevu na joto hulegeza gundi ya magitaa na maudi.

Kazi ilinipa pa kusimama, lakini haikuniondolea deni langu kwa mwenzangu. Aliporudi kwa hitma ya baba yake, nilimwita pembeni nikamwambia, "Sahibu, miaka minne nimekuonea wivu, ndiyo maana ulikuwa hunioni. Nisamehe." Alikaa kimya kwa muda, akanijibu, "Mimi nilidhani nimekukosea jambo nisilolijua. Kila nilipopiga simu nilikuwa nikijiuliza ni lipi." Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba kukimbia kwangu kulimuumiza na yeye.

Mwaka uliofuata alipokuja kupiga Ngome Kongwe, magitaa yake mawili yalipita mikononi mwangu, nami nilisimama ubavuni mwa jukwaa. Katikati ya wimbo wa pili nilisikia uzi wa tatu umeshuka, kidogo mno, na naamini hakuna mwengine katika umati ule aliyeusikia. Aligeuka kunitazama. Nilimwinulia kidole juu, akaukaza kidogo bila ya kuacha kuimba, akanitazama tena, nami nikamwitikia kwa kichwa.