Mkataba wa kutoshambuliana: tulivyoulinda kwenye Travian

Raundi yangu ya kwanza ya Travian, mchezo wa mtandaoni wa kujenga vijiji na kupigana, niliamini kwamba kubonyeza tu kitufe cha mkataba kunatosha. Mchezo unaupa uongozi wa muungano, yaani kundi la wachezaji, njia tatu za kushughulika na muungano mwingine: shirikisho, mkataba wa kutoshambuliana, au vita. Tulipendekeza mkataba, majirani wakakubali, jina lao likatokea kwenye ukurasa wetu. Haikupita siku mbili kijiji changu kikaporwa na mtu wao. Mchezo haukumzuia, kwa sababu hauzuii. Unaonyesha tu kwamba mmeahidiana.

Raundi iliyofuata nikapewa kazi ya kuongea na majirani. Sisi tulikuwa 14, wengi wetu Wagauli, kabila la mchezoni, watu wa mitego na kujilinda. Upande wa kaskazini walikaa Wateutoni, kabila jingine, na muungano wao ulikaribia kikomo cha watu 60. Vita tusingeviweza. Nikamwandikia kiongozi wao, tukabishana siku nne kabla hata ya kugusa Ubalozi, jengo la mchezoni la mambo ya muungano.

Kilichotuchelewesha zaidi ni akaunti zilizolala. Mchezaji akiacha kuingia, vijiji vyake vinageuka shamba la kila mtu, nao walitaka kupora hata wenzetu waliolala. Tulikubaliana kwamba mtu akitolewa kwenye muungano hana tena kinga, lakini hadi siku hiyo asiguswe. Tukaandika pia kwamba anayetaka kujitoa atatoa taarifa saa 48 kabla, na kwamba wanaozungumza kwa niaba ya kila upande ni watu wawili tu, waliotajwa. Hili la mwisho nililisisitiza sana. Raundi ya kwanza kila mtu wetu alikuwa akijibizana na kila mtu wao, na matusi ya mmoja yakawa matusi ya wote.

Saa nazo zilitaka uangalifu. Kwetu ukimwambia mtu saa mbili usiku ameelewa, ila seva huandika 20:00, na saa ya seva si ya Dar es Salaam. Kila muda tuliuandika kwa saa ya seva, kwa tarakimu.

Mtihani ulikuja wiki ya tatu. Kijana wetu mmoja, Mteutoni, alituma askari 100 wa rungu kwenye kijiji alichokiona hakina mtu. Kumbe kilikuwa kipya, cha wale majirani. Akaniandikia, "Kaka, nimekosea, nisaidie." Askari unaweza kuwarudisha ndani ya sekunde 90 tu, na dakika kumi zilikuwa zimepita. Nikapiga hesabu. Rungu hutembea miraba 7 kwa saa, na mwendo ulikuwa miraba 21, yaani saa tatu. Kila askari hubeba mzigo wa rasilimali 60, kwa hiyo kwa ubaya kabisa wangeondoka na 6,000. Wafanyabiashara wa Kigauli hubeba 750 kila mmoja na hutembea miraba 24 kwa saa. Nilikuwa nao wanane.

Nikawatuma wote wanane saa ileile, lakini kwenye kijiji kingine cha jirani aliyekuwa akishambuliwa, ili rungu zetu zisiupore tena mzigo huo. Kisha nikamwandikia kiongozi wao: shambulio linakuja, ni letu, ni kosa, fidia itafika kabla yake, na mkiwaua askari hao hatutalalamika. Waliwaua. Kijana alisikitika, nikamweleza kwamba askari 100 hufunzwa upya, ila neno la muungano likishavunjika ni kazi ngumu kulijenga tena. Bado naamini hivyo. Tangu siku hiyo yule kiongozi alianza kunijibu ndani ya saa moja.

Miezi miwili baadaye walitaka ardhi yetu, wakatoa taarifa kama tulivyoandika. Saa 48 zile hatukulala. Tulihamisha nafaka, tukajaza askari wa ulinzi kwenye vijiji vitatu, tukakiacha kimoja ambacho kisingeokolewa. Mashambulizi yalianza saa ya 49. Kile kimoja kikaanguka, vile vitatu vikasimama hadi mwisho wa raundi.

Seva mpya ilipofunguliwa, ujumbe wa kwanza nilioupata ulitoka kwa yule kiongozi, akiuliza kama maandishi yetu bado ninayo. Nilimtumia siku hiyohiyo. Nilibadilisha kifungu kimoja tu: badala ya saa 48, nikaandika 72.